Jibu la Nne

Kulinganisha ni kazi ya kwanza ya akili. Mtoto ambaye hajajifunza kuhesabu hujua mkono upi una karanga nyingi, na mzee aliyekwisha kusahau hesabu hasahau shamba lipi limezidi jingine kwa rutuba. Kabla mtu hajauliza kitu ni kiasi gani, huuliza kama kimezidi au kimepungukiwa na kingine. Kwa sababu hii kulinganisha huonekana kazi nyepesi. Kwa kuwa huonekana nyepesi hufanywa kwa haraka. Na katika haraka hiyo hutokea dhuluma nyingi ambazo waliozitenda hawakukusudia kuzitenda.

Katika mitihani ya hesabu iko aina moja ya maswali iliyotungwa ili kuipima kazi hii peke yake. Mtahiniwa huwekewa viasi viwili, kimoja upande wa kushoto na kingine upande wa kulia. Aghalabu ndani yake mna herufi badala ya namba, kama ilivyo desturi ya aljebra. Pengine hupewa sharti juu ya herufi hiyo, pengine hapewi sharti lolote. Haulizwi kila kiasi ni namba gani. Huulizwa neno moja tu: kipi ni kikubwa? Majibu ni manne, nayo hayabadiliki toka swali hata swali. La kwanza, kiasi cha kushoto ni kikubwa. La pili, kiasi cha kulia ni kikubwa. La tatu, viasi vyote viwili ni sawa. La nne, uhusiano wa viasi hivi hauwezi kujulikana kwa yale yaliyotolewa. Maswali haya yalikuwamo katika mtihani wa SAT wa Marekani hata mwaka 2005 yalipoondolewa. Yangalimo katika mtihani wa GRE, ambao vijana wa Afrika ya Mashariki wenye shahada ya kwanza huufanya wanapotaka masomo ya juu katika nchi ile, ijapokuwa baadhi ya vyuo vya huko havilazimishi tena mtihani huo.

Majibu matatu ya kwanza hayana ajabu. Kila mwenye mizani anayajua: upande huu umeshuka, upande ule umeshuka, au mizani imetulia. Jibu la nne ndilo lenye mashaka. Je, ni ujuzi au ni ukosefu wa ujuzi? Je, mwenye kulitoa amehukumu au amekimbia hukumu? Na kama ni ujuzi, mtu hustahili lini kulitumia katika hesabu, na lini katika maisha, ambamo watu hulinganishwa kila siku na wengine na kupewa au kunyimwa kwa sababu ya ulinganifu huo? Hili ndilo swali lifaalo kutafakariwa.

Mfikirie msichana mmoja wa Songea, aliyemaliza chuo kikuu akarudi kwa wazazi wake, naye usiku hujitayarisha kwa mtihani wa namna hiyo. Mama yake ana shamba la mahindi nje ya mji. Mavuno yamekwisha, na wanunuzi wawili wamefika nyumbani. Wa kwanza anatoa shilingi 66,000 kwa gunia. Wa pili anatoa shilingi 600 kwa kilo. Bei hizi ni za mfano, lakini jambo lenyewe si geni katika mkoa wa Ruvuma, ambao ni mmoja wa mikoa inayoilisha Tanzania mahindi. Mama anamwita binti yake.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Yupi kati ya hawa anatoa zaidi?"

Binti anafikiri kidogo, kisha anajibu, "Mama, haijulikani."

Mama anacheka kwa uchungu. "Miaka kumi na sita shuleni, mwanangu, na bado hujui?"

"Sikusema sijui, mama. Nimesema haijulikani, mpaka gunia lipimwe."

Binti ana haki. Gunia ni chombo; si kipimo. Kila mkulima wa Tanzania analijua gunia la lumbesa, lililojazwa hata mdomoni, kisha likaongezwa kichwa cha mahindi na kushonwa kwa kamba juu yake. Sheria ya vipimo imelikataza, na gunia la mazao halipasi kuzidi kilo 100. Lakini kukatazwa kwa jambo si kukoma kwake. Ikiwa gunia la mama lina kilo 100, mnunuzi wa pili angelitoa shilingi 60,000 kwa gunia hilo, basi wa kwanza amezidi kwa shilingi 6,000. Ikiwa lina kilo 110, wanunuzi wote wawili ni sawa. Ikiwa ni lumbesa lenye kilo 130, wa pili angelitoa shilingi 78,000, na mama akimwuzia wa kwanza amepoteza shilingi 12,000 kwa kila gunia. Majibu matatu yote yanawezekana. Kwa hiyo hakuna hata moja lililo kweli mpaka uzito ujulikane. Gunia la mama ni kama herufi x katika daftari la binti: jina la kiasi ambacho bado hakijafunuliwa.

Lugha ya Kiswahili imeyatenga vema maneno haya mawili, "sijui" na "haijulikani". Neno la kwanza lina mtu ndani yake. Anayesema "sijui" anatoa habari ya nafsi yake. Huenda jirani yake anajua, huenda yeye mwenyewe atajua kesho akisoma kwa bidii. Neno la pili halina mtu. Linatoa habari ya jambo lenyewe: kwamba yaliyotolewa hayatoshi, na kwamba mwenye akili kubwa kuliko wote, akipewa hayo hayo bila ya kuongezewa, naye asingeweza kuhukumu. Neno la kwanza laweza kusemwa bila ya kazi yoyote. Neno la pili halina budi kuthibitishwa. Binti wa Songea hakulisema kwa kukisia. Alichukua uzito mmoja akapata jibu, akachukua uzito mwingine akapata jibu lililolipinga la kwanza. Na majibu mawili yanayopingana, yote yakiwa yamelitimiza sharti lililotolewa, ndiyo ushahidi kamili wa jibu la nne.

Basi jibu la nne ni ujuzi. Ni ujuzi wa mpaka wa ujuzi. Walakini liko jambo ndani ya mtu linalolichukia, na linafaa kuchunguzwa katika mfano ulio mwepesi kuliko mahindi.

Mtahiniwa anaulizwa: kipi kikubwa, x au kipeo cha pili cha x? Hakupewa sharti lolote juu ya x. Walio wengi, wakiulizwa ghafula, watasema kipeo cha pili ni kikubwa. Wamejaribu 2 wakapata 4, wamejaribu 3 wakapata 9, wamejaribu 10 wakapata 100. Mara tatu wamejaribu na mara tatu jibu limekuwa lile lile. Nani ataendelea kutia shaka? Lakini x ikiwa 1, viasi ni sawa. Ikiwa nusu, kipeo chake cha pili ni robo, na robo ni ndogo kuliko nusu. Ikiwa sifuri, ni sawa tena. Jibu ni la nne, na wale waliojaribu mara tatu wamekosa, si kwa sababu hawakujaribu, bali kwa sababu walijaribu namba za jamaa moja.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kusema juu ya tabia. Kwa nini akili ilichagua 2 na 3 na 10? Kwa sababu hizo ndizo namba zilizo karibu naye, zihesabikazo kwa vidole, alizolelewa nazo tangu utotoni. Sehemu na namba hasi zimo katika herufi x kwa haki ile ile, lakini haziji zenyewe. Hapana budi ziitwe. Walimu wa maswali haya huwafunza wanafunzi wao kuita jamaa zote kwa zamu kabla ya kuhukumu: sifuri, moja, sehemu iliyo chini ya moja, namba hasi, na namba kubwa sana. Ni mafunzo ya mtihani, lakini ni mafunzo ya insafu pia. Mtu anaposema "watu hupenda hivi" au "mwanafunzi mwenye bidii hufaulu", amejaribu watu gani akilini mwake? Aghalabu amejaribu wanaofanana naye. Mtoto asiye na taa usiku, mtoto mwenye kusaidia shambani kabla ya kengele ya shule, mtoto asiyeona vema ubao, hao ni sehemu na hasi za hesabu yake. Hakuwakataa. Hakuwaita tu. Na asiyeitwa hana njia ya kulikanusha jambo linalosemwa juu yake.

Wala kosa hili si la wajinga peke yao. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika mjini Baghdad kiasi cha mwaka 820 kitabu ambacho aljebra imepata jina lake, hakukubali namba hasi kuwa jibu la mlinganyo. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake, na jamaa nzima ya namba ilibaki nje ya mlango wake. Jina la kitabu chake lina maneno mawili ambayo Kiswahili kina jamaa zao: aljabri, ambalo ni kurudisha kilichopungua, na mukabala, ambalo ni kuvielekeza viasi viwili uso kwa uso ili kile kilicho sawa kiondolewe pande zote mbili. Waswahili wasemapo "mkabala" na "kukabili" wanatumia asili hiyo hiyo. Tena sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi na wasia, yaani kumpa kila mrithi haki yake bila ya kumpunja mwenziwe. Aljebra haikuwa mchezo wa akili tu tangu mwanzo wake. Ilitumika kwa ajili ya ugavi wa haki. Si ajabu, basi, ikiwa maswali yake yanarudi kwenye haki.

Kutokana na mfano wa x na kipeo chake hutokea kanuni moja yenye nguvu. Kuthibitisha kwamba jambo ni kweli daima, mifano elfu haitoshi, hutakiwa sababu. Kulivunja neno la "daima", mfano mmoja watosha. Kanuni hii haina huruma wala chuki, lakini mtu akiifuata atakuwa mwema kuliko alivyokuwa. Anayesema kwamba watoto wa vijijini hawana vichwa vya hesabu amelivunja neno lake mwenyewe siku anapomwona mmoja tu aliyefaulu. Na akiendelea kulisema baada ya siku hiyo, kosa lake si la hesabu tena, ni la moyo.

Hata hivyo ingekuwa udhaifu kulisifu jibu la nne bila ya kuonyesha hatari yake. Liko kosa la haraka, na liko kosa la uvivu. Wanafunzi wengine, wakishajua kwamba jibu la nne lipo, hulikimbilia kila wanapoona herufi. Husema moyoni, "x haijulikani, basi jibu nalo halijulikani." Hao wamedanganyika vikubwa kuliko wale wa kwanza. Mtahiniwa anaulizwa: kipi kikubwa, x kuongeza 7 au x kuongeza 5? Hajui x hata kidogo, lakini cha kwanza ni kikubwa daima, kwa tofauti ya 2. Ondoa x pande zote mbili, kama inavyofundisha mukabala, na fumbo limekwisha. Au anaulizwa: kipi kikubwa, kipeo cha pili cha x kikiongezwa 2, au x ikizidishwa kwa 2? Hapa macho hayaoni kitu. Lakini toa cha pili katika cha kwanza. Kinachobaki ni kipeo cha pili cha x kupunguza 1, kikiongezwa 1. Kipeo cha pili cha namba yoyote hakishuki chini ya sifuri. Kikiongezwa 1 hakishuki chini ya 1. Basi cha kwanza kimezidi daima, ikiwa x ni sehemu, ikiwa ni hasi, ikiwa ni namba yoyote iliyopata kuhesabiwa. Kutokijua kitu si kutojua lolote juu yake. Mtu aweza kuwa na giza juu ya viasi viwili na mwanga kamili juu ya tofauti yake.

Uvivu huu una sura nzuri. Huvaa nguo za unyenyekevu. Anayesema "nani ajuaye?" juu ya kila jambo huonekana mwenye busara, mpole, asiye na kiburi cha kuhukumu. Lakini katika mambo mengi yako ya kutosha kuhukumia, na anayekataa kuyahesabu amemwacha aliyedhulumiwa bila ya shahidi. Mkulima aliyepunjwa kwa gunia lililopimwa mbele ya watu hahitaji mwenye hekima wa kumwambia kwamba mambo ya dunia hayajulikani. Mizani imekwisha kusema. Mwenye haraka na mwenye uvivu, basi, ni ndugu: wote wawili wameacha kazi ya katikati, mmoja kwa kuruka juu yake, mwingine kwa kulala kabla ya kuifikia.

Kazi hiyo ya katikati ina sheria zake. Kilicho sawa chaweza kuondolewa pande zote mbili bila ya kuharibu hukumu. Chaweza pia kuongezwa. Lakini kuzidisha au kugawanya pande zote mbili kwa kitu kisichojulikana ni hatari, kwa sababu kikiwa hasi huigeuza hukumu chini juu, na kilichokuwa kikubwa kikawa kidogo. 3 ni kubwa kuliko 2. Zizidishe zote mbili kwa hasi 1, na hasi 3 ni ndogo kuliko hasi 2. Mwanafunzi aliyegawanya x na kipeo chake kwa x, akadhani amebakiwa na 1 na x, ametumia asichokijua kana kwamba anakijua. Mambo ya watu nayo yako hivyo. Kuwaondolea wawili yale waliyoshirikiana ni halali: ikiwa wanafunzi wawili walikuwa na mwalimu mmoja na vitabu vile vile, mwalimu na vitabu havimzidishi yeyote. Lakini shida iliyowapata wote wawili haiwapati kwa namna moja. Njaa ya msimu mmoja yaweza kumkaza mmoja na kumvunja mwingine. Asiyejua shida ile ilifanya nini ndani ya kila mmoja hana ruhusa ya kuigawa pande zote mbili na kuisahau.

Tena iko sheria iliyo mbele ya zote, ambayo mtihani hauitaji kwa kuwa huitimiza kimyakimya: viasi vinavyolinganishwa sharti viwe vya jinsi moja. Hakuna swali linalouliza kipi kikubwa, kilo tatu au saa mbili. Songea ina ukumbusho wa sheria hii katika jina lake. Mji huu unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji. Ukiuliza upande upi ulikuwa na silaha kali, jibu lajulikana, wala halikuhitaji vita kulitoa: bunduki za kijerumani zilizidi mikuki. Lakini mara nyingi mshindi hulichukua jibu hilo akalitumia kwa swali jingine, nalo ni upande upi ulikuwa na haki. Nguvu na haki si viasi vya jinsi moja. Aliyezidi katika kimoja hajazidi katika kingine kwa sababu hiyo, na makumbusho ya Majimaji yaliyopo mjini ni ushahidi kwamba watu hawakukubali hesabu ya mshindi kuwa hesabu ya mwisho.

Mtu wa vitendo ataleta pingamizi hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: haya yote ni mema mezani, lakini maisha hayangoji. Mama yuko mlangoni na wanunuzi wawili. Mbolea ya msimu ujao inataka fedha. Jibu la nne halilipi deni. Mtihani wenyewe una saa yake. Je, mwenye kukaa na "haijulikani" atauza lini?

Jibu ni kwamba kujua ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine, na kila moja lina uaminifu wake. Jibu la nne halimkatazi mtu kutenda. Humwambia kwanza ni kitu gani kimepungua. Mama hakuambiwa akae. Aliambiwa gunia lipimwe. Mzani ukipatikana, jibu la nne limekufa na mojawapo ya matatu limezaliwa. Hiyo ndiyo faida yake: huonyesha mahali pa kuuliza, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ikiwa mzani haupatikani na fedha ni lazima leo, mama atachagua kwa kubahatisha, wala hakuna atakayemlaumu. Ila atajua kwamba amebahatisha. Kesho hatamwambia jirani, "Mnunuzi yule ndiye mwenye bei nzuri." Kubahatisha kwa wazi si uongo. Uongo ni kukiita kilichobahatishwa kwa jina la ujuzi.

Sheria za nchi zimelielewa jambo hili zamani. Hakimu hana ruhusa ya kuondoka barazani bila ya hukumu, na mara nyingi ushahidi hautoshi. Ndiyo maana katika kesi ya jinai sheria imeweka tangu mwanzo nini kifanywe na jibu la nne: hatia isipothibitika pasipo shaka ya maana, mshtakiwa huachiliwa. Hakimu hasemi kwamba mtu huyu ni mwema kuliko mashtaka yake. Anasema yaliyotolewa hayakutosha, na kwa kuwa hayakutosha, mzigo hauwezi kuwekwa mabegani mwake. Uamuzi umepatikana, na ujuzi haukughushiwa.

Watunga mitihani nao wamelazimika kufikiri juu ya kubahatisha. Katika SAT ya zamani, swali la kulinganisha lenye majibu manne lilipokoswa, mtahiniwa alikatwa theluthi ya alama. Hesabu yake ni nyepesi: anayebahatisha mara nne hutazamiwa kupata mara moja na kukosa mara tatu, hupata alama moja na hukatwa theluthi tatu, ambazo ni alama moja. Kwa wastani hakupata kitu wala hakupoteza. Adhabu hiyo haikumwita mwongo. Ilimnyima tu faida ya kile asichokijua. Katika GRE hakuna kukatwa, na mwenye busara haachi swali wazi. Je, anafanya hila? La. Karatasi haikumwapisha. Iliomba herufi moja, na sheria yake inajulikana kwa wote. Lakini alama ikija, naye akajiambia kwamba yote aliyoyapata aliyajua, hapo amejidanganya. Na mtu anayejidanganya juu ya kiasi chake hawezi kuaminiwa juu ya viasi vya wengine.

Na hapa mambo yanamgeukia mwenye kutahini. Mtihani unaomfundisha kijana kutohukumu zaidi ya yaliyotolewa, wenyewe ni mizani ya kumlinganisha kijana huyo na wenzake. Tanzania ina Baraza la Mitihani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya Tanzania Bara kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki; na kabla yake karatasi zilitoka Cambridge. Kila mwaka majina ya wanafunzi wa Songea husimama katika orodha pamoja na ya wenzao wa Dar es Salaam na Mwanza, na katika somo la hesabu la kidato cha nne, kwa miaka mingi, walioshindwa wamekuwa wengi kuliko waliofaulu. Mmoja ana alama 81, mwingine ana 64. Kipi kikubwa? 81 ni kubwa. Hilo halina ubishi, wala si haki kulifanyia ubishi. Aliyepata 81 alijibu zaidi siku ile, na nafasi za masomo zikiwa chache, ni lazima zigawanywe kwa kanuni inayojulikana na wote. Anayedai kwamba alama hazisemi neno lolote ameanguka katika uvivu uliokwisha kutajwa.

Lakini mara swali likibadilishwa, likawa yupi mwenye akili zaidi, au yupi atakayefaa zaidi, au yupi bora, yaliyotolewa hayatoshi tena. Yako mambo yaliyoachwa kama herufi: umbali wa shule, idadi ya walimu wa hesabu, lugha ya karatasi, afya ya siku ile. Mengine yaweza kumwongezea aliyepata 64, mengine yaweza kumwongezea aliyepata 81. Hakuna ajuaye kabla ya kuuliza. Jibu ni la nne. Mtahini aliyemnyima kijana alama kwa kuhukumu bila ya ushahidi wa kutosha, naye akamwita kijana yule mjinga kwa sababu ya karatasi moja, ameanguka katika swali alilolitunga mwenyewe.

Si sharti mitihani ifutwe ili haki hii itendeke. Sharti ni dogo kuliko hilo, ingawa ni gumu: kila mwenye kutoa hukumu aseme kile tu alichokipima. Mwalimu aseme, "Alama zako zimepungua," wala asiseme, "Wewe umepungua." Mzazi aseme, "Ndugu yako amekupita katika hesabu mwaka huu," wala asiseme, "Ndugu yako ni bora kuliko wewe." Tofauti ya maneno haya masikioni ni ndogo. Katika maisha ya mtoto anayeyasikia kwa miaka saba, hata akayaamini, tofauti yake haipimiki.

Msichana wa Songea atafanya mtihani wake. Atapata namba, na namba hiyo itawekwa kando ya namba za watu asiowajua, na mtu fulani katika nchi ya mbali atatazama ipi kubwa. Hana uwezo wa kulizuia hilo, wala haimpasi kulichukia. Aliyonayo ni haya mawili: bidii ya kuhesabu mpaka mahali ambapo hesabu inafika, na ukweli wa kusimama pale inapokoma. Jambo la kwanza litampa alama. La pili halina alama yake katika orodha yoyote, lakini ndilo lililomfanya amwambie mama yake neno la kweli mbele ya wanunuzi wawili, wakati neno la uongo lingalimpa sifa ya usomi. Mzani uliletwa, gunia likapimwa, na mama akauza kwa kujua.